Invoisi iliyozidi maradufu: kisa cha klasta ndogo Unguja na umeme unaokatika

Kisa hichi nakiandika kwa ruhusa ya waliohusika. Majina nimeyatoa, mahali khasa nimepatoa, na kila ambacho kingemtambulisha mteja nimekitoa pia. Hesabu nimeziacha zilivyo, mana bila hesabu kisa hakimfundishi mtu kitu.

Hali ilivyokua

Sisi ni watu wanne, chumba kimoja ghorofa ya pili mjini Unguja, seva 6 za mtumba za kufanyia hesabu na moja ya storeji, zote zimeunganishwa kua klasta moja. Kila seva ya hesabu ina prosesa mbili aina ya Xeon E5-2680 v4, kila prosesa kori 14, yani vichwa 14 vya kufanyia hesabu, kwa iyo jumla kori 168. Biashara yetu ni kukodisha nguvu ya hesabu. Mtu ana modeli ya upepo, ya mawimbi, ya muundo wa jengo, ambayo kompyuta yake ya mezani ingehangaika nayo mwaka mzima, anatuletea sisi, tunaigawa kwenye kori zote zifanye kazi pamoja. Foleni ya kazi inasimamiwa na Slurm, ni ya bure na ndo inayotumika hata kwenye baadhi ya klasta kubwa kabisa duniani. Juu yake tumeandika programu zetu wenyewe, ya kuandaa data, ya kupeleka kazi, na ya kuhesabu saa na kutoa invoisi.

Umeme wetu ni wa Tukuza, yani wa kulipia kabla, kama nyumba ya mtu yeyote. Anaeijua Unguja anajua umeme wetu unavuka bahari kwa waya kutoka bara, na waliokua wakubwa mwisho wa 2009 mpaka Machi 2010 wanakumbuka giza la miezi mitatu waya ulipoharibika. Siku izi si kama zile, lakini kukatika kupo, na kwa seva kukatika sekunde mbili na kukatika saa mbili ni kitu kimoja, yote inazima.

Mteja wa kisa hichi ni mtu mzima mwenye ofisi ndogo ya ushauri wa mambo ya pwani. Alikua anataka upepo wa miaka 5, yani miezi 60, kuzunguka Unguja na Pemba kwa vipande vya kilomita 3, akaulishe kwenye modeli yake ya mawimbi ajue fukwe za mashariki zinaliwa vipi kusi na kaskazi. Data ya dunia nzima ipo, ERA5 ya kituo cha hali ya hewa cha Ulaya, bure, inaanzia 1940 na inakwenda saa kwa saa, lakini vipande vyake ni vya kama kilomita 31, ambapo Unguja yenyewe haifiki hata vitatu kwa urefu. Kwa iyo inabidi vipande vikatwe viwe vidogo kwa modeli ya hali ya hewa inaitwa WRF, na hiyo ndo kazi tuliyopewa.

Tulifanya jaribio, mwezi mmoja wa upepo ukatuchukua saa 30 kwa kori zote 168. Bei yetu ilikua shilingi 80 kwa kori kwa saa. Tukamwambia kazi nzima itakua kama milioni 24 na kidogo, mkataba ukaandikwa "kwa saa za kori zilizotumika", muda miezi minne, mzee akatia saini.

Mwezi wa kwanza

Kazi tuliigawa kwa vipande vya miezi mitatu mitatu, kila kimoja saa 90. Ikawekwa kwenye foleni mwezi wa Februari, joto la kaskazi limekaa.

Umeme ulikatika mara 13 ndani ya siku 31 na nusu. Nyingi zilikua chini ya dakika moja. Jenereta ya jengo ipo, lakini jenereta inachukua sekunde kadhaa kushika, na sisi UPS, ile batri ya kushikilia umeme ukikatika, tulikua nayo kwenye kompyuta za mezani tu, sio kwenye seva, kwa iyo jenereta ilikua inakuja kuwasha taa juu ya seva zilizokwisha kufa.

Slurm seva zikirudi inaona nodi, yani zile seva za hesabu, zilizimika, inairudisha kazi kwenye foleni yenyewe, inaanza tena. Sisi tukiangalia skrini tunaona kazi inakwenda, tunasema alhamdulillah inajirudia. Hatukuangalia inajirudia kutoka wapi. Skripti yetu ilikua haiulizi kama kuna pa kuendelea, inaanza siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza kila ikiamshwa. Kazi imefika saa ya 70, umeme unapepesa, inaanza moja.

Alfajiri moja baada ya sala nikapita ofisini. Toka kwenye ngazi nasikia fani za seva zinalia kwa sauti ya juu ambayo sikuizoea. Nikafungua mlango, hewa ya moto ikanipiga uso kama mtu amefunua sufuria. Seva zote zinawaka, AC imenyamaza na kitaa chake chekundu. Usiku umeme ulikatika ukarudi, seva zimepangwa zijiwashe zenyewe, AC yetu haijiwashi mpaka mtu abonyeze rimoti. Kipimo cha ukutani kinasoma 41. Prosesa zilikua zimejipunguza spidi kujiokoa, na saa zile za kujikokota nazo zilikua zinahesabiwa kwa shilingi 80.

Mwisho wa siku 31 na nusu tulikua na miezi 12 ya upepo, wakati tulitarajia kama 24. Programu ya invoisi ikatoa karatasi: saa 756 mara kori 168 mara shilingi 80, jumla 10,160,640. Kwa makisio ya mkataba miezi 12 ilikua iwe 4,838,400.

Hapa niseme kitu cha kiufundi mana ndo kiini. Kazi ikirudishwa foleni Slurm inaiachia namba ileile, na ukiuliza hesabu kwa amri ya sacct inakupa rekodi ya mwisho tu, mpaka uweke --duplicates ndo inakuonyesha na zile zilizokufa. Programu yetu ilikua na --duplicates. Aliyeiweka hakua na nia mbaya, alisema saa zile seva zimefanya kazi kweli na mita imesoma kweli, na hayo ni kweli. Karatasi ikaenda kwa mteja bila ya mmoja wetu kuinua simu kwanza.

Kikao

Mzee alikuja mwenyewe. Tukamwamkia, akaitikia vizuri, akakaa, akatoa invoisi mfuko wa shati imekunjwa mara nne, kaizungushia kalamu ile jumla ya chini.

"Wanangu," akasema, "mimi nanunua upepo, au nanunua umeme uliokatika?"

Mwenzetu wa hesabu akajibu kwa adabu, "Mzee, mkataba unasema saa zilizotumika." Mzee akasema naujua mkataba nimeusaini mimi, lakini nilisaini nikijua mnanipa upepo, na saa zenu mimi siwezi kuziona wala kuzizuia. Akaomba tumpe jibu baada ya siku mbili, akaondoka, chai hakuimaliza.

Tulikua na njia tatu. Ya kwanza kushikilia mkataba. Ya pili kumpunguzia nusu kwa nusu yaishe. Ya tatu kuichana ile invoisi na kubadilisha namna ya kulipana kabisa, asilipe saa, alipe mwezi wa upepo uliokamilika.

Usiku ule tulibishana mpaka saa saba. Mwenzetu wa hesabu alikua na hoja nzito na sitaki ionekane alikua mtu wa tamaa: tushalipa umeme, tushalipa pango, na kukatika umeme hatukusababisha sisi. Hoja iliyotugeuza haikua ya huruma kwa mzee, ilikua hii. Kwa mkataba wa saa, mimi nikikaa wiki mbili nikaifanya kazi iwe nyepesi, invoisi inashuka na sisi tunapata kidogo. Umeme ukikatika mara nyingi, invoisi inapanda. Yani tumejiandikia mkataba unaotulipa tukifanya vibaya na kutukata tukifanya vizuri, halafu tunashangaa kwa nini hakuna aliyeifungua ile skripti mwezi mzima.

Tukachagua ya tatu. Bei tukaweka shilingi 440,000 kwa mwezi mmoja wa upepo uliokamilika na kukaguliwa, hiyo ni zile saa 30 na juu yake kama asilimia 9 ya kubeba hatari. Miezi 60 ni 26,400,000 na haizidi hapo hata iweje. Miezi 12 ya mwanzo akalipa 5,280,000, sisi tukaachia 4,880,640. Mzee alikubali kulipa zaidi kidogo ya makisio ya mwanzo bila kubisha, alisema anachotaka ni namba ambayo anaweza kumpelekea mteja wake nae.

Kilichokua kibovu ndani

Toka siku ile kila saa iliyopotea ilikua inatoka mfukoni mwetu, na wiki tatu zilizofuata tuliandika programu kuliko mwaka mzima wa nyuma.

Cha kwanza ni chekipointi. WRF inajua kuandika faili la kuendelea, wrfrst, kila baada ya muda unaoutaja wewe kwenye restart_interval, kwa dakika za modeli. Tukaiandika upya skripti iwe ikiamka inatafuta wrfrst ya karibuni kabisa na kuendelea hapo. Tulijaribu siku 4 moja kwa moja, halafu siku 4 zilezile tumezima umeme kwa makusudi katikati, tukalinganisha majibu, yakawa sawasawa. Tukafurahi, tukaiachia.

Ijumaa jioni umeme ukakatika. Skripti ikaamka, ikachukua wrfrst mpya kuliko zote, modeli ikagoma kuisoma, kazi ikaanguka. Na Slurm inairudisha kazi foleni pale nodi inapokufa, lakini programu yenyewe ikianguka inaiandika kua imeshindwa, basi. Seva zikakaa bure mpaka Jumamosi usiku, saa 31, zinakula umeme tu.

Jumamosi nilipolifungua lile faili lilikua giga 1.3. Wenzake wote ni 4.1. Nililiangalia muda mrefu mana kwa saa yake lilikua limeandikwa dakika nne kabla umeme haujakatika, lilipaswa liwe zima. Jibu lilikua kwenye storeji. Nodi zinaona disko la storeji kwa NFS, njia ya kutumia disko kupitia mtandao, na sisi siku ya kufunga tuliweka async kwa ajili ya spidi. Kwa async seva ya storeji inamjibu anaeandika "tayari" wakati data bado iko kwenye memori yake haijafika kwenye disko. Modeli iliambiwa faili limeandikwa, ikaendelea na safari, umeme ukakatika, kilichokua kwenye memori kikaenda.

Tukabadilisha kua sync, yani storeji isijibu "tayari" mpaka data ifike kwenye disko. Kuandika chekipointi moja kukapanda kutoka kama sekunde 50 mpaka dakika 2, na tukakubali. Seva ya storeji ikapata UPS yake na programu ya NUT inayoizima kwa utaratibu batri ikikaribia kuisha. Skripti ikawa inabakisha chekipointi mbili za nyuma, inakagua ukubwa na kulifungua faili kabla ya kuliamini, likiwa bovu inarudi kwa lililotangulia, na ikianguka inatuma ujumbe kwenye simu zetu wote wanne.

Halafu ndo swali la kila baada ya muda gani. Ukiandika mara nyingi unapoteza muda kuandika, ukiandika mara chache unapoteza kazi umeme ukikatika. Hili lina jibu la zamani, John Young alilichapisha 1974: chukua muda wa kuandika chekipointi moja, zidisha kwa muda wa wastani kati ya ajali na ajali, zidisha mara 2, tafuta kipeo cha pili. Sisi kuandika ni dakika 2, umeme wetu kwa wastani kama kila saa 60, yani dakika 3,600. Mbili mara mbili mara 3,600 ni 14,400, kipeo chake cha pili ni 120. Kila saa mbili. Kwa spidi yetu saa mbili ilikua siku mbili za upepo, restart_interval ikawa 2880.

Kwa hesabu iyo hasara yote, ya kuandika na ya kurudia, ni kama asilimia 3. Kabla ya hapo, kazi ya saa 90 inayoanza moja kila umeme ukikatika, na umeme unakatika kila saa 60, nadharia inasema itakuchukua kama saa 209 mpaka imalize. Kipimo chetu cha mwezi wa kwanza kilikua saa 189 kwa kipande. Tungeipeleka kazi ya mwaka mzima kwa mpigo, saa 360, kwa nadharia iyo iyo ingechukua karibu miaka mitatu.

AC tuliishughulikia hivi: seva za hesabu hazijiwashi tena zenyewe. Storeji inaamka kwanza, inasoma joto la chumba, na ikiwa chini ya 27 ndo inaziwasha nyingine moja moja kwa IPMI, njia ya kuiwasha seva kupitia mtandao. Joto likiwa juu inapiga kelele kwenye simu. Fundi alituletea baadae kifaa cha kuifanya AC ikumbuke ilikua inawaka, lakini utaratibu wa kupima joto kwanza tumeubakisha.

Vijiti vya memori

Hili hatukulitafuta, lilikuja kwa vile sasa kila saa tuliyoipunguza ilikua yetu. Kijana wetu mmoja aliuliza kwa nini modeli ikipewa kori 28 kwenye nodi haikimbii sana kuliko ikipewa 16. Modeli za hali ya hewa haziumizwi na hesabu, zinaumizwa na kusubiri data itoke kwenye memori. Prosesa zile zina njia nne za memori kila moja, na kila njia kwa memori ya DDR4-2400 inabeba giga 19.2 kwa sekunde. Tukafungua mfuniko wa seva ya kwanza. Kila prosesa ilikua na vijiti viwili, nafasi mbili za mwanzo zimejaa na mbili ziko tupu na vumbi lake. Aliyetuuzia alitupa idadi ya giga tuliyoitaka, na sisi tulihesabu giga, hatukuhesabu njia.

Tulipima kwa STREAM, programu ya kupima spidi ya memori, ikatoa giga 62 kwa sekunde kwa nodi. Tukaagiza Dar vijiti 24 vya mtumba vya aina ileile, vikachelewa siku 12 halafu vikaja na boti ya asubuhi, tukavipachika siku ileile. STREAM ikatoa 121. Mwezi wa upepo ukashuka kutoka saa 30 mpaka 20.

Matokeo

Miezi yote 60 ilikabidhiwa siku 10 kabla ya miezi minne kuisha. Saa moja ya klasta ilikua inatuingizia shilingi 13,440 kwa bei ya zamani, na mwishoni mwa kazi hii ilikua inaingiza kama 21,000, na mzee hakuongezewa hata senti juu ya ile bei mpya. Ile milioni 4.9 tuliyoiachia ilirudi kabla kazi haijaisha.

Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote ni kubadilisha kinachouzwa. Chekipointi tulikua tunaijua, imo kwenye maelekezo ya WRF, fomula ya Young ina zaidi ya miaka 40, na nafasi tupu za memori zilikua pale toka siku ya kwanza. Elimu haikukosekana. Kilichokosekana ni sababu ya kumfanya mtu aamke usiku kuifanyia kazi, na bei ndo ilikua inaificha sababu.

Kuzima umeme kwa makusudi wakati wa kujaribu kulitusaidia, lakini tulikufanya nusu. Tulivuta waya wa nodi, hatukuvuta wa storeji, kwa kuogopa disko. Laiti tungevuta wa storeji kwenye data ya majaribio, lile faili la giga 1.3 tungeliona mchana tukiwa tumekaa wote, badala ya kupoteza saa 31.

Tulichokosea zaidi, na hili bado linaniuma, ni kunyamaza. Mara ya pili kazi ilipoanza upya tulikua tunajua makisio yameharibika. Mzee alikua na haki ya kusikia kwetu wiki ile ile, sio kusoma kwenye karatasi mwisho wa mwezi. Sasaivi programu inamtumia mteja kila asubuhi idadi ya miezi iliyokamilika na mara ngapi umeme umekatika, hata kama habari ni mbaya.

UPS za nodi zote tuliahirisha na bado naona tulikua sawa. Kwa chekipointi ya kila saa mbili kukatika kumoja kunatugharimu kama saa moja kwa wastani, na batri kwenye joto letu zinachoka haraka. Wenye kazi fupi fupi nyingi wanaweza kuamua vyengine.

Kilichobaki hakijakaa sawa ni wateja wanaoleta programu waliyoiandika wenyewe. Hapo hakuna mwezi wa upepo wa kuhesabu, hatujui ndani kuna nini, na wengi wao ni wanafunzi ambao programu zao hazina chekipointi kabisa. Hao bado tunawatoza kwa saa, ila programu ya invoisi inahesabu saa mpaka chekipointi ya mwisho iliyosomeka tu, na asiye nayo tunakaa nae kabla ya kumpokea, kawaida mchana mmoja unatosha, tunamsaidia kuiweka bure.